Mabomba 8,000, Sauti Nne: Jinsi Bach Anavyopigwa Kwenye Kinanda Kikubwa cha Kanisa Kuu

Tarehe 7 Desemba 2024, Askofu Mkuu wa Paris, Laurent Ulrich, alisimama ndani ya Notre-Dame na kukiamsha kinanda cha kanisa hilo kwa kukiita mara nane. Kila alipokiita, kilijibu kwa muziki uliobuniwa papo hapo na wapiga kinanda wanne waliopokezana. Moto wa 15 Aprili 2019 haukukiunguza, lakini vumbi la madini ya risasi kutoka kwenye paa lililoyeyuka lilikipaka chote. Kinanda chenye mabomba karibu 8,000 kikafunguliwa, kikasafishwa, kikaunganishwa upya, kisha ikachukua takriban miezi sita kulinganisha sauti zake, kazi ikifanyika zaidi usiku wakati mafundi wengine wamelala.

Tangu hapo video za vinanda vikubwa vya Ulaya zinazunguka kwenye simu za wanakwaya, na mabishano yanazifuata. Wapo wanaosema Bach asiyepigwa kwa nguvu zote za kinanda si Bach. Wapo wanaosema kumpiga Bach kwenye kinanda cha karne ya 19 ni kosa tangu mwanzo, ndiyo maana nota zinasikika kama zimebandikana. Kila upande una sehemu ya ukweli, na kila upande umekosea mahali. Muziki wa Baroko unapigika, tena vizuri sana, kwenye kinanda cha aina ile. Ila kazi kubwa ya mpigaji inakuwa kupunguza na kusubiri, na hayo mawili yana utaratibu wake.

Tuanze na maneno

Kwetu neno "kinanda" limebeba vitu vingi: harmonia ya kupiga pampu kwa miguu, kibodi ya umeme ya kwaya, hata piano. Hapa tunazungumzia kinanda cha mabomba, ambacho wengine hukiita ogani. Sauti yake haitoki kwenye spika. Inatoka kwenye mabomba ya bati, risasi na mbao yanayopulizwa upepo.

Chukua chupa tupu ya soda, pulizia mdomoni mwake. Itatoa nota moja, na hata upulize kutwa haitatoa wimbo. Bomba la kinanda ni hivyohivyo: bomba moja, nota moja, rangi moja ya sauti. Safu nzima ya mabomba yenye rangi moja, kuanzia nota ya chini hadi ya juu, inaitwa rejista. Mpigaji huvuta kishikio ili rejista iingie kazini, na hukirudisha ili inyamaze. Kinanda chenye rejista 100 kina safu 100 na zaidi za mabomba.

Rejista hupimwa kwa futi. Rejista ya futi 8 ni ile ambayo bomba lake la chini kabisa lina urefu wa takriban mita 2.4, na hulia sawa na nota iliyoandikwa. Ya futi 4 hulia oktava moja juu, ya futi 2 oktava mbili juu. Ya futi 16 hulia oktava moja chini. Ya futi 32 ina bomba la karibu mita 10 linalotetemeka mara 16 kwa sekunde, mtetemo unaoupokea zaidi kwa kifua kuliko kwa sikio.

Mabomba yenyewe yako makundi mawili. Ya kwanza hulia kama filimbi, upepo ukikatwa na mdomo wa bomba. Ya pili yana ulimi mwembamba wa shaba ndani, nayo hulia kwa ukali kama zumari. Tutayaita mabomba ya ulimi.

Baroko ni muziki wa takriban 1600 hadi 1750, zama za Buxtehude, Couperin na Johann Sebastian Bach. Kiromantiki hapa hakihusiani na nyimbo za mapenzi. Ni jina la mtindo wa karne ya 19 uliotaka muziki uwe na mawimbi ya hisia, upande juu na kushuka, unong'one na kunguruma.

Jambo moja huwapotosha wanaotoka kwenye piano, nalo ni nguvu za kidole. Kwenye kinanda cha mabomba, kubonyeza kwa nguvu hakuongezi sauti hata kidogo. Kibonye hufungua mlango wa upepo tu, uwe umefunguliwa kwa upole au kwa hasira. Mpigaji ana mambo matatu ya kuchezea: rejista alizovuta, wakati wa kuingia kwa nota na wakati wa kuiacha. Kwa Baroko, lile la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote.

Vinanda viwili, tabia mbili

Fundi wa vinanda Arp Schnitger alimaliza kinanda cha kanisa la Mtakatifu Yakobo, Hamburg, mwaka 1693. Kina rejista 60 na kibodi 4 za mikono. Kila kibodi ina familia yake ya mabomba ndani ya kabati lake. Kabati moja, Rückpositiv, linaning'inia mgongoni mwa mpigaji, ukingoni mwa roshani, karibu kabisa na watu. Ni kama kwaya nne zilizoketi pembe nne za kanisa: hata zikiimba wimbo mmoja, unajua nani ameitikia kutoka wapi.

Aristide Cavaillé-Coll alizindua kinanda chake cha Notre-Dame mwaka 1868 kikiwa na rejista 86 na kibodi 5. Leo zimefika 115. Yeye alitafuta kitu kingine: orkesta moja kubwa ambayo mtu mmoja anaweza kuifanya ivimbe kutoka mnong'ono hadi ngurumo bila mahali pa kuungia kuonekana. Baadhi ya mabomba akayafungia ndani ya sanduku kubwa lenye vibao vinavyofunguka na kufungwa kama luva za dirisha, vikiendeshwa kwa mguu. Luva zikifungwa sauti inasogea mbali, zikifunguliwa inakaribia.

Tofauti inayomsumbua mpigaji wa Bach iko kwenye namna sauti inavyojengwa. Schnitger hujenga kwenda juu: prinsipali (rejista ya msingi ya kinanda) ya futi 8, juu yake futi 4, kisha futi 2 na theluthi mbili, kisha futi 2, na kileleni mikstura. Mikstura ni rejista ambayo kibonye kimoja hulia mabomba madogo manne, matano au sita kwa pamoja, yote membamba na makali. Matokeo ni mstari mwembamba kama wa kalamu ya wino. Cavaillé-Coll hujenga kwa upana: rejista nyingi za futi 8 zenye rangi tofauti, filimbi nene, filimbi za mtindo wa fidla, prinsipali iliyoshiba. Huo ni mstari wa brashi. Ni mzuri ajabu, lakini ukiandika herufi ndogo nne kwa brashi pana juu ya mstari mmoja, zitaungana.

Ipo siri nyingine ndani ya mikstura. Katika vinanda vya zamani, kadiri unavyopanda juu, mabomba ya mikstura hurudi nyuma kwa oktava hatua kwa hatua, ili soprano isichome masikio na besi isikose kung'aa. Mikstura nyingi za Cavaillé-Coll hufanya kinyume. Chini zina safu mbili tatu, na kadiri unavyopanda safu zinaongezeka. Tena alipenda kuyapa mabomba ya nota za juu upepo wenye shinikizo kubwa kuliko ya chini. Alitaka wimbo wa juu utawale, kama mwimbaji aliyesimama mbele ya orkesta. Hilo linafaa kwa muziki wa Widor, mtunzi Mfaransa wa enzi hiyo. Katika muziki wa Bach, soprano inawameza alto na tena (sauti ya juu ya wanaume).

Shinikizo la upepo hupimwa kwa mpira wa plastiki uliokunjwa kama herufi U na kutiwa maji: unaangalia maji yamesukumwa milimita ngapi. Vinanda vingi vya Baroko hukaa kati ya 65 na 90. Cavaillé-Coll hufika 100 na kuzidi. Waingereza wa karne ya 19 walivuka hapo mbali sana kwa rejista zao za tarumbeta, mamia ya milimita. Bomba lililopulizwa kwa shinikizo dogo huanza na kikohozi kidogo, "ch" au "t" kabla ya nota, mithili ya konsonanti mbele ya irabu. Vikohozi hivyo ndivyo vinavyomsaidia msikilizaji kutenganisha nota za haraka. Mafundi wa Kiromantiki walivilainisha kwa makusudi, na nota ikabaki na irabu bila konsonanti.

Mwangwi

Hata ungehamisha kinanda cha Schnitger hadi Notre-Dame, shida kubwa ingebaki, kwa sababu jengo lenyewe ni sehemu ya kinanda. Mwangwi wa kanisa lile huchukua takriban sekunde 6 kufa.

Tufanye hesabu. Fyuga, aina ya kipande tutakayoieleza mbele, inakwenda mapigo 80 kwa dakika, na kila pigo lina nota nne. Kila nota inadumu sekunde 0.19. Kwa mwangwi wa sekunde 6, unapobonyeza nota mpya, nota 30 zilizotangulia bado zipo hewani, kila moja ikiwa imefifia kwa kiasi chake. Kipimo cha mwangwi ni muda ambao sauti hushuka desibeli 60, kwa hiyo hapa inashuka desibeli 10 kila sekunde. Nota iliyopita imeshuka desibeli 2 tu mpya inapoingia, tofauti ambayo sikio linaitambua kwa shida. Katika kanisa la ukubwa wa kati lenye roshani za mbao na watu waliojaa, mwangwi ukiwa sekunde 2, nota hiyohiyo ingekuwa imeshuka karibu desibeli 6. Hapo sikio linapumua.

Kila aliyemsikiliza mhubiri mwenye haraka ndani ya kanisa kubwa lenye kuta tupu anaijua hali hii. Kuongeza sauti ya spika hakumsaidii. Kinachomsaidia ni kukata maneno na kungoja mwisho wa sentensi. Dhana kwamba ukumbi mkubwa unadai rejista nyingi zaidi ndiyo chanzo cha Bach wengi walioharibika. Rejista nyingi zinajaza mwangwi, na mwangwi uliojaa hauna nafasi ya kupokea nota inayofuata.

Kupunguza

Tuchukue fyuga, kwa kuwa ndipo kila kasoro inapojitokeza. Fyuga ni kipande ambacho wimbo mmoja mfupi, mada, unaingia kwa sauti moja, kisha nyingine, kisha nyingine, kama tena akianza, alto akamfuata, soprano, mwisho besi. Kwenye kinanda besi kawaida ni miguu. Raha ya fyuga ni kuisikia mada ikiingia katikati, pale ambapo alto na tena wanaishi. Na katikati ndipo kinanda cha Kiromantiki kilipo kinene kuliko kote.

Kosa la kwanza la mgeni ni kuvuta rejista zote za futi 8 kwa kudhani ndio msingi imara. Vuta moja. Anza kwenye kibodi ya Positif, ambayo mara nyingi ni nyepesi kuliko kibodi kuu, kwa filimbi ya futi 8 na prinsipali ya futi 4. Ongeza futi 2. Piga mada peke yake katika eneo la tena, kisha uipige ikiwa na sauti nyingine tatu. Msaidizi asimame katikati ya kanisa, asiwe jirani na kinanda, na baada ya kila jaribio akuimbie alichosikia. Akiimba mada vizuri, endelea. Akiimba soprano badala yake, umeshajua nani anammeza nani.

Prinsipali ya futi 8 iingie baada ya hapo, na mara nyingi filimbi itoke ili kuipisha. Mikstura iwe ya mwisho, moja, na kama ni ile inayonenepa kuelekea juu, iache na ubaki na futi 2. Watu wataona kilele haking'ai kama kwenye rekodi za Hamburg. Ni kweli, na ni bei ndogo kulipa ili sauti nne zibaki nne. Futi 16 kwenye mikono ikae nje ya fyuga nyingi. Mabomba ya ulimi ya kibodi kuu hayahitajiki hadi mwisho, na hata mwishoni kuna vipande visivyoyahitaji kabisa.

Miguu ina taabu yake. Pedali ya Hamburg ilikuwa na mikstura yake na hata mabomba ya ulimi ya futi 4 na futi 2, hivyo iliweza kubeba wimbo wa juu kwa miguu wakati mikono ikisindikiza. Pedali ya Kiromantiki ilijengwa iwe sakafu ya jengo: futi 32, futi 16, na vingine vichache juu yake. Bomba refu huchelewa kuamka, na besi inayotembea kwa haraka inageuka muungurumo usio na nota. Dawa yake ni kuondoa futi 32, kubaki na futi 16 moja nyepesi na futi 8 iliyo wazi, kisha kuiunganisha pedali na kibodi ya Positif ili ikope ung'avu kutoka huko. Katika vifungu vya mbio kabisa hata ile futi 16 inaweza kupumzika. Besi itasikika imepanda oktava, lakini itasikika.

Sonata za trio za Bach, zile sita, ni mtihani mwingine. Mkono wa kulia sauti moja, wa kushoto sauti moja, miguu ya tatu, na zote tatu ni sawa kwa hadhi. Ukiweka mkono mmoja kwenye Positif iliyo mbele na mwingine kwenye Récit iliyo nyuma ndani ya sanduku la luva, mmoja anaongea uso kwa uso na mwingine anaongea kutoka chumba cha pili. Fungua luva zote, uziache hivyohivyo mpaka mwisho. Kama mkono wa kushoto bado unazama, wapo wanaotumia rejista ya futi 4 peke yake na kupiga oktava moja chini: nota zinazosikika ni zilezile zilizoandikwa, ila zinatoka kwenye mabomba mepesi zaidi.

Luva zenyewe zinastahili neno. Kishawishi cha kuzifungua polepole katikati ya fyuga ni kikubwa, hasa kwa aliyekulia kwenye muziki wa Kifaransa wa karne ya 19. Lakini Bach alipotaka muziki ukue, aliongeza sauti, akasogeza nota karibu, akabana mapatano (nota zinazolia pamoja). Ukikuza kwa mguu kile alichokwisha kukikuza kwa kalamu, unakisema mara mbili.

Passacaglia yake ya C ndogo ndiyo uwanja wa ubishi huu. Mada ya vipimo 8 inapigwa na miguu peke yake, kisha zinafuata tofauti 20 juu yake (namna 20 za kuipamba mada hiyo), na mwisho fyuga. Desturi ya karne ya 19 ilikuwa kuanza kwa mnong'ono na kuongeza rejista kila baada ya tofauti moja au mbili hadi kinanda chote kifunguke. Bach hakuandika maelekezo hayo. Upande wa pili wapo wanaoipiga yote kwa sauti moja kamili, dakika zaidi ya kumi, na ndani ya mwangwi wa sekunde 6 hilo linachosha masikio kabla ya nusu. Kwa maoni yetu njia inayofaa ni kubadilisha pale muziki wenyewe unapobadilisha makazi. Katikati, mada inahama kutoka miguuni kwenda kwenye soprano; baadaye nota zinapungua hadi kubaki uzi mwembamba wa mikono bila miguu. Hapo hamia kibodi nyingine. Ukirudi, rudi kwenye sauti uliyoiacha. Mabadiliko matatu au manne yanatosha.

Wafaransa wa Baroko walirahisisha upande mmoja na kuugumisha mwingine. François Couperin, katika misa zake mbili za 1690, anakutajia rejista kwenye kichwa cha kipande chenyewe. "Tierce en taille" ni wimbo wa eneo la tena kwenye mchanganyiko wa futi 8, 4, 2 na theluthi mbili, 2, na 1 na tatu kwa tano. Bomba hilo dogo la mwisho ndilo linalotoa ile ladha ya puani, na vinanda vingi vya Kiromantiki havinalo. Saint-Sulpice, kanisa jingine la Paris, na Notre-Dame zina bahati, kwani Cavaillé-Coll alihifadhi ndani yake mabomba ya mafundi wa karne ya 18. Pasipokuwa nalo, mpigaji aliye mkweli huchagua kipande kingine cha misa ileile.

Kuacha na kusubiri

Shule ya Kifaransa ya Widor na Marcel Dupré ilifundisha kuunganisha kila nota na jirani yake bila ufa, isipokuwa ishara zilizoandikwa. Kugusa kwa kawaida kwa Baroko kulikuwa kinyume: nafasi ndogo kati ya nota na nota, na kuunganisha kukawa pambo. Ndani ya kanisa kuu nafasi hiyo inakua. Nota inayodumu sekunde 0.19 inaweza kushikwa nusu tu, nusu ya pili kidole kikiwa juu. Kwa mpigaji aliye pale juu inasikika kavu, yenye kukatikakatika, na hapo wengi huogopa na kurudi kwenye kuunganisha. Lakini mita 40 mbele, mwangwi umeshajaza nyufa zote na mstari unasikika laini. Ndiyo sababu hakuna mazoezi ya maana bila mtu mwingine, au angalau simu inayorekodi, katikati ya kanisa. Kumbuka pia kwamba nguo na miili ya watu hunywa sauti, hasa za juu. Ulichopanga usiku kanisa likiwa tupu kitapungua ung'avu Jumapili.

Kuna kizuizi cha kimashine. Vibonye vya kinanda kikubwa vilivyounganishwa kibodi juu ya kibodi ni vizito kupindukia, kwa hiyo Cavaillé-Coll alitumia mashine ya Barker, mivukuto midogo inayosaidia kidole kama stelingi ya pawa inavyomsaidia dereva. Gharama yake ni ileile ya stelingi: huisikii barabara. Kidole hakihisi tena mlango wa upepo ukifunguka, na kuna uchelewaji mdogo. Mpigaji wa Baroko anayezoea kupima mwachio kwa ngozi ya kidole hana budi kuupima kwa hesabu. Ikiwezekana, apige kibodi moja bila kuunganisha nyingine, ambako mzigo ni mdogo na majibu ni ya haraka.

Mwendo nao unashuka. Fyuga ya mapigo 80 ikipigwa 66, kila nota inapata sekunde 0.23 badala ya 0.19. Inaonekana kidogo, ila sauti nne zinafumuka. Chini zaidi ya hapo muziki unaacha kucheza, na Bach wa fyuga ana ngoma ndani yake, kwa hiyo afadhali upunguze rejista nyingine kuliko kuburuta mwendo.

Kuhusu mlinganyo wa sauti hakuna la kufanya. Vinanda vya Baroko vililinganishwa ili funguo nyingine ziwe tamu na nyingine ziwe chungu. Vya karne ya 19 vina ulinganifu sawa kote. Buxtehude anapoteza uchungu fulani aliouandikia, na hakuna anayebadilisha mabomba 8,000 kwa ajili ya tamasha la saa moja.

Je, kinanda kibadilishwe?

Ujerumani, kati ya vita kuu mbili na baada yake, mafundi wengi walijibu ndiyo. Waliondoa rejista za Kiromantiki, wakaingiza mikstura kali, wakashusha upepo. Vingi vya vinanda hivyo vilipoteza tabia ya kwanza bila kuipata ya pili, na baadhi vimerudishwa baadaye kwa gharama kubwa.

Albert Schweitzer aliliona suala hili kwa jicho pana zaidi tangu 1906, alipochapisha kijitabu chake kuhusu ujenzi wa vinanda Ujerumani na Ufaransa. Alivishambulia vinanda vya kiwandani vya wakati wake, vilivyojaa kelele, lakini alivitetea pamoja vya zamani na vya Cavaillé-Coll, kwa sababu katika vyote viwili alisikia sauti zilizo wazi. Huyu ndiye daktari aliyekwenda Lambaréné, Gabon, mwaka 1913 na piano yenye pedali aliyopewa na Chama cha Bach cha Paris, iliyojengwa kustahimili hali ya hewa ya tropiki. Kwa miaka mingi alifanya mazoezi ya Bach juu yake jioni baada ya wagonjwa, bila bomba hata moja na bila mwangwi. Aliporudi Ulaya kwa matamasha, akaketi tena mbele ya mabomba.

Olivier Latry, mmoja wa wapigaji wa Notre-Dame, alimrekodi Bach kwenye kinanda kile Januari 2019, miezi mitatu kabla ya moto. Hakujifanya yuko Hamburg. Alitumia rangi alizozikuta.

Mfano wa mwisho ni ule ambao hata asiyejua jina la Bach ameusikia kwenye filamu: mwanzo wa Toccata ya D ndogo. Nota tatu za haraka juu, ya mwisho ikishikwa, mshuko wa nota za mbio, kisha kimya. Kwenye karatasi kimya hicho ni alama ndogo. Kwenye kibodi ya umeme kinapita kwa sekunde moja, na kifungu cha pili kinaingia oktava moja chini, kisha cha tatu chini zaidi. Halafu miguu inashika D, na juu yake mikono inajenga mapatano makali nota moja baada ya nyingine.

Katika Notre-Dame, yule anayeingia cha pili kwa haraka anakipiga juu ya moshi wa cha kwanza, na cha tatu hakisikiki kabisa kwa sababu mabomba yake ya chini yanaamka taratibu ndani ya kelele ya mengine. Anayejua jengo anaondoa mikono, anaacha sauti ipande hadi kwenye kuba na kurudi, anahesabu sekunde tatu, nne. Anashuka oktava. Anahesabu tena, safari hii zaidi kidogo, kwa kuwa nota za chini hukaa hewani kuliko za juu. Ikifika D ya miguu, anaiacha peke yake mpaka bomba refu limejaa upepo, ndipo anaweka nota ya kwanza juu yake, na ya pili baada ya kuisikia ya kwanza ikirudi kutoka upande wa altare.